Kanzu Isiyofuliwa ya Mkunguni

Paukwa!

— Pakawa!

Sikusikia. Mmeshiba wali mkasahau kuitikia? Paukwa!

— Pakawa!

Kanzu!

— Ya nani?

Ya mji mzima!

— Nani aliifua?

Hapo sasa. Kaeni chini niwaambie. Lakini wewe Chande, uliyetoka shamba moja kwa moja ukaja kukaa ubavuni pangu, sogea kidogo upande wa dirisha. Si kwa ubaya, mwanangu. Hadithi yenyewe itakueleza.

Hapo kale, paka na panya wakila sahani moja, palikuwa na mji ukiitwa Mkunguni. Mji mzuri. Maji matamu, mchele mweupe, watu wacheshi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mji mzima ulikuwa na kanzu moja ya harusi.

Msicheke! Kila mwanamume alikuwa na kanzu zake za kwendea msikitini na za kwendea sokoni. Lakini siku ya kuoa alivaa ile moja, kanzu ya darizi aliyoivaa mtu wa kwanza kuoa katika mji ule. Babu aliivaa, baba akaivaa, mwana akaivaa. Ukioa bila kanzu ile, wakubwa wa Mkunguni hawakukuhesabu kuwa umeoa. Wangekuita kapera hata ukiwa na wajukuu.

Na desturi yao ya ndoa, sikilizeni vizuri, ilikuwa hivi. Bwana harusi alisimama mlangoni kwa wakwe zake. Akainua mkono wa kulia, akashika kizingiti cha juu cha mlango. Bibi harusi akatoka ndani, akapita chini ya mkono ule. Akishapita, basi, yuko chini ya mkono wa mumewe. Vigelegele, pilau, mambo yamekwisha.

Sasa niambieni. Chini ya mkono wa mtu pana nini?

— Kwapa!

Mmesema nyinyi, mimi sikusema.

Fikirini basi. Jua la saa nane mchana. Bwana harusi ana hofu, wakwe wanamkodolea macho, jasho linamchuruzika mpaka kiunoni. Na wanaoshona kanzu wanajua, pale chini ya mkono hutiwa kipande cha kitambaa kiitwacho kikwapa. Jasho lote kikomo chake ni pale. Harusi ikaisha, kanzu ikarudi kwa mtunzaji wake, Mwinyi Kondo. Je, aliifua?

— Aliifua!

Thubutu! Mwinyi Kondo alikuwa mtu mnene, mwenye kilemba kirefu na maneno marefu kuliko kilemba. Alisema, "Kanzu hii ina baraka. Ukiitia majini, baraka yote itakwenda mtaroni." Basi baada ya kila harusi aliitandaza juu ya tenga, chini akaweka chetezo cha udi, akaifukiza. Akaipiga pasi ya mkaa, ya moto mkali. Akaikunja, akaitia sandukuni na kafuri. Jasho juu ya jasho, udi juu ya udi, miaka nenda miaka rudi. Kwa mbali kanzu ilinukia. Kwa karibu, jamani, kwa karibu kulikuwa na kutuzi, ule uvundo wa kwapa, la kumwinua mgonjwa kitandani akimbie.

Na mabibi harusi je? Walibana pumzi, wakapita. Bibi zetu walikuwa na mapafu, wenzangu.

Katika mji ule palikuwa na kijana, Vuai, msuka vitanda vya kamba. Mpole, mikono myepesi, maneno machache. Na palikuwa na binti, Siwema, mtoto wa Mzee Ngwali. Siwema alijaliwa pua. Wali wa jirani ukitaka kuungua, yeye alijua kabla ya mpishi mwenyewe, akapiga kelele dirishani, "Mama Mize, epua!" Siwema alimpenda Vuai. Nataka mlijue hilo mapema, maana mji mzima ulikuja kulikosea.

Vuai akaposa, harusi ikapangwa Ijumaa, na Ijumaa ya kwanza ikafika. Vuai akaoga, akasugua mwili kwa dodoki, akavaa kanzu. Akasimama mlangoni, akainua mkono. Siwema akatoka ndani, hatua moja, hatua mbili. Ya tatu ikamshinda. Akajiziba uso kwa upindo wa leso, akageuka, akarudi chumbani.

"Kichwa kinaniuma," akasema.

Watu wakatazamana. Mzee Ngwali akasema, "Haya, Ijumaa ijayo."

Mwinyi Kondo akaifukiza kanzu mara mbili. Akainyunyizia marashi ya mawaridi. Akaipaka mafuta ya karafuu kwenye kola. Ijumaa ya pili Vuai akaoga mara tatu, akasimama, akainua mkono. Siwema akatoka, hatua moja, hatua mbili. Ah! Sasa kutuzi lilikuwa limevaa mawaridi, limejipaka karafuu, limekuja harusini. Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kichwa," akasema.

Mnauliza kwa nini hakusema kweli. Angesema vipi? Kanzu ile aliivaa baba yake. Aliivaa babu yake. Kusema inanuka ni kusema ukoo wote wa Mkunguni unanuka, na wa kwanza ni baba aliyesimama pale na bakora. Mtoto mwenye adabu hawezi. Lakini mji ukasema lake: Siwema hamtaki Vuai.

Mzee Ngwali akapandwa na hasira, maana aibu ilikuwa nyumbani kwake. Akasema mbele za watu, "Mara ya kwanza ni kichwa. Mara ya pili ni maradhi. Mara ya tatu ni jawabu. Ijumaa ijayo usipopita, narudisha posa ya watu, na Vuai asikanyage tena mlango huu."

Vuai akaondoka mbio, na kanzu ile mwilini, mpaka kijitoni kwa shangazi yake. Shangazi huyo aliitwa Bi Mwanahija. Alikuwa dobi, amefua nguo za watu tangu ujana wake mpaka vidole vikajikunja. Mji mzima ulimletea nguo, isipokuwa ile kanzu.

"Hodi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, karibu mwa... Simama hapo hapo! Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako na beberu gani?"

Vuai akakaa chini, akalia kama hakuwahi kulia. "Shangazi, Siwema hanitaki. Nimengoja miaka mitatu. Nimesuka kitanda chetu kwa mikono yangu. Na leo amenigeuzia mgongo mara ya pili."

Bi Mwanahija akamsogelea, akamwinua mkono, akapeleka pua. Akaitoa haraka. Akapiga chafya tatu.

"Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Siwema hakukukataa wewe. Amekataa hiki kikwapa."

"Lakini imefukizwa, shangazi! Udi wa kibaba kizima!"

"Udi haufui. Udi ni mgeni msafi aliyeingia nyumba chafu, naye atatoka ananuka. Wewe pua yako imezoea, husikii. Ivue, irudishe kwa mwenyewe, kisha niachie mimi."

Jumamosi Bi Mwanahija akaenda kwa Mwinyi Kondo. "Mwinyi, nipe kanzu niifue."

"Baraka itamwagika! Toka!"

Jumapili akaenda. "Mwinyi, nipe kanzu niifue kidogo, kikwapa tu."

"Baraka iko hapo hapo kwenye kikwapa! Toka!"

Jumatatu akaenda tena. Lakini Jumatatu hakuomba. Mpiga mbizi akichoka kuzama huogelea, na Bi Mwanahija hakuwa mjinga. Aliwakuta wazee wamekaa barazani, Mwinyi Kondo katikati yao, akasalimia kwa adabu zote.

"Wazee wangu, nimekuja kukiri. Mwinyi Kondo amenishinda. Kweli kanzu ina baraka, na kweli maji yataimwaga."

Mwinyi Kondo akatikisa kilemba. "Umeona!"

"Ila tangu jana nawaza. Mbona tusiitoe baraka kwanza, ikae mahali salama, kanzu ikaoshwa, halafu tukairudisha?"

Wazee wakaulizana. Mmoja akasema, "Na itakaa wapi?"

"Katika kifua cha mtu mwaminifu. Mtu atie pua kwenye kikwapa, avute pumzi tatu ndefu, aizuie baraka kifuani mpaka Ijumaa. Lakini awe mtu msafi wa moyo. Mimi nilimfikiria Mzee Ngwali."

"Ngwali?" Mwinyi Kondo akasimama wima. "Ngwali aitunze baraka, mimi niko hai? Kanzu nimeitunza mimi miaka thelathini! Pua ni yangu, kifua ni changu!"

"Nilidhani labda utachoka, Mwinyi."

"Nichoke na nini? Kanzu hii inanukia! Ileteni!"

Mnacheka? Subirini. Kanzu ikaletwa. Bi Mwanahija akasema, "Baraka husinzia ndani ya nguo. Lazima tuiamshe kwa moto." Akakinyunyizia kikwapa maji. Akachukua pasi ya mkaa iliyokolea moto, akaibandika juu. Fsssss! Mvuke ukapanda.

Nyinyi msiofua nguo hamjui kitu. Kutuzi likikauka hulala, unaweza hata kudhani halipo. Lipashe moto uone litakavyoamka.

Wazee wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mwinyi Kondo hakuweza kurudi, maana macho yote yalikuwa kwake. Akatia pua.

Pumzi ya kwanza. Macho yakajaa maji.

"Vipi, Mwinyi?"

"Baraka... kali," akasema kwa sauti ndogo.

Pumzi ya pili. Kilemba kikalala upande, jasho likamtoka kipajini.

"Tumwite Mzee Ngwali akusaidie?"

Akakataa kwa kichwa. Mwanamume na heshima zake! Akatia pua mara ya tatu, akavuta. Wenzangu, pumzi ya tatu ilimpeleka akarudi. Alitaka kusema, sauti haikutoka. Akanyoosha kidole kwenye kanzu. Akanyoosha kidole upande wa kijito. Kanzu, kijito. Kanzu, kijito. Kwa mikono miwili sasa, upesi upesi!

"Wazee, mmeona?" akasema Bi Mwanahija. "Mtunzaji mwenyewe ameagiza ikafuliwe. Sasa, Mwinyi, baraka imo kifuani. Mdomo ufungue kwa kula tu. Ukisema neno moja, imetoka."

Basi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa Mwinyi Kondo hakusema neno. Mji ukakaa raha mustarehe. Inasemekana mkewe alimshukuru Mungu kila baada ya sala.

Jumanne asubuhi Bi Mwanahija akaitia kanzu majini, Vuai pembeni yake. Kwanza akaigeuza ndani nje.

"Kwa nini, shangazi?"

"Jasho linatoka upande gani?"

"Ndani."

"Na watu hufua upande gani? Nje! Ndiyo maana unaona mtu amefua, amesugua, amechoka, na bado ananuka."

Akachukua ndoo ya maji baridi. Baridi, nasema, si ya moto. Akamimina bakuli la siki ya mnazi. Akailoweka kanzu mpaka adhuhuri. Alipoitoa, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akakipaka kikwapa magadi yaliyosagwa, akakifikicha kwa vidole, polepole, huku anaimba. Nisaidieni kuimba:

*Chururu chururu, kijito nimiminie,*
*Jasho lina mwenyewe, mwenyewe alichukue!*

Akatia sabuni, akasuuza mara tatu, akaianika kambani, ndani nje vile vile. Jioni akapeleka pua. Lo! Ilikuwa inanuka kuliko mwanzo!

Wanawake waliokuja kutazama wakapiga kelele. "Umeiharibu! Umezidisha!" Vuai akashika kichwa. Zilibaki siku mbili tu, na moyo wake ulikuwa umekauka kwa hofu.

"Tulieni," akasema Bi Mwanahija. "Leo tumeutoa udi. Kilichobaki ni mwenye nyumba mwenyewe. Sasa tunajuana."

Jumatano akailoweka tena. Siki, magadi, sabuni.

*Chururu chururu, kijito nimiminie,*
*Jasho lina mwenyewe, mwenyewe alichukue!*

Ikakauka. Akanusa. Harufu ilikuwa imepungua, imebaki kidogo, ya mbali. Dada yake Mzee Ngwali akaja mbio na pasi inatoa cheche. "Haya basi, hiyo iliyobaki ni ndogo. Tuipige pasi, tuifukize, yaishe!"

"Weka pasi chini!" Bi Mwanahija alikuwa mpole, lakini hapo aliwaka. "Ukipiga pasi nguo inayonuka, umeipika harufu, imeiva, haitoki tena. Hayo ndiyo mliyofanya tangu enzi za babu zenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rudi na pasi yako!"

Alhamisi, mara ya tatu. Siki, magadi, sabuni. Imbeni!

*Chururu chururu, kijito nimiminie,*
*Jasho lina mwenyewe, mwenyewe alichukue!*

Akaisuuza, akaianika. Na mara wingu likatanda, jua likapotea. Nguo ya maji isipopata jua wala upepo huvunda, mnajua. Vuai hakungoja kuambiwa. Akaitia kanzu kwenye ufito mrefu, mkono huku na mkono huku, akauinua juu, akakimbia nao uwanjani. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Watu wakasema kapenda mpaka karukwa na akili. Alikimbia mpaka kanzu ikakauka na miguu ikamwisha.

Bi Mwanahija akanusa kikwapa cha kulia. Akanusa cha kushoto. Akampa Vuai.

"Unasikia nini?"

Vuai akavuta pumzi, akavuta tena. "Sisikii kitu, shangazi."

"Ndiyo yenyewe. Nguo safi hainuki, wala hainukii. Ni nguo tu. Sasa lete pasi."

Ijumaa ikafika. Mji mzima ukajaa mbele ya nyumba ya Mzee Ngwali, maana leo ni jawabu. Mwinyi Kondo akaletwa kwanza. Akapuliza kwenye kanzu pumzi tatu ndefu, na wazee wakaridhika kuwa baraka imerudi. Neno lake la kwanza baada ya siku nne lilikuwa, "Maji!"

Vuai akasimama mlangoni. Kanzu ilikuwa nyeupe hata watu wakaulizana kama ndiyo ile ile. Akainua mkono, akashika kizingiti cha juu. Jua la saa nane. Mzee Ngwali kasimama na bakora yake, uso umekunjamana.

Siwema akatoka ndani. Hatua moja. Hatua mbili. Hapo watu wakashika vifua.

Hatua ya tatu.

Akafika chini ya mkono wa Vuai, akasimama pale pale. Hakupita, hakurudi.

"Pita, mwanangu!" shangazi zake wakanong'ona.

Hakupita.

"Siwema!" akasema baba yake. "Nilisema leo ni jawabu."

"Nimesikia, baba. Ngojeni kidogo." Akainua uso, akaishusha leso puani. Akavuta pumzi, taratibu, kama mtu anayefunua chungu chake mwenyewe. Jasho jipya la hofu lilikuwa limeanza kulowesha kikwapa. Vuai akaliona, akafumba macho.

"Hili jasho lako?" akauliza Siwema.

"Langu," akasema Vuai. "Nisamehe. Nimeoga. Ni hofu tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Siwema akacheka, na machozi yanamtoka, na safari hii yalikuwa ya furaha. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, baba akasikia, wazee wote wakasikia: "Ijumaa mbili nimetoka mlangoni hapa kumtafuta Vuai, nikakuta wanaume wa mji mzima wamesimama kwapani mwake, na babu zangu miongoni mwao. Sikuona pa kupita. Leo nimemkuta mwenyewe."

Wazee wakatazama miguu yao. Halafu kule nyuma bibi mmoja kikongwe, aliyeolewa kwa kanzu ile miaka hamsini nyuma, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Mungu akulipe, mwanangu. Mimi yangu nilikuwa bado nimeibana." Akapiga kigelegele cha kwanza, na mji mzima ukapokea.

Siwema akapita.

Hadithi yangu imekauka, naianua kambani. Ikikuenea, ivae. Ikikubana, mpe jirani. Na ikiwa ina doa, basi doa ni langu mimi niliyeifua.